Mtoto amekariri kanuni ya riba lakini hawezi kuitumia: nimsaidieje?

MamaWawili: Ndugu walimu na wazazi, habari za jioni. Mwanangu wa darasa la sita huitaja kanuni ya riba bila kusita: mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa 100. Jana aliulizwa riba ya mkopo wa shilingi 240,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka, katika miezi 9, akaandika 216,000. Swali lililofuata lilitoa riba na kutaka mtaji, naye akaweka kalamu chini. Sipendi kumfanyia kazi yake, ila sijui nianzie wapi.

MwalimuWaHesabu: Dada, makosa yote mawili yana chanzo kimoja: mtoto ameshika kanuni bila kushika kinachoingia katika kila nafasi yake. Kabla hajaweka tarakimu yoyote, aorodheshe alivyopewa pamoja na vipimo vyake: mtaji, shilingi 240,000, kiwango, asilimia 10 kwa mwaka, muda, miezi 9. Muulize kama "mwaka" na "miezi" vinaweza kwenda pamoja hivyo hivyo, kisha unyamaze, hata kimya kikikukera. Muda ni 9/12 ya mwaka, na riba ni shilingi 18,000. Mzoeshe pia kukadiria: ikiwa riba ya mwaka mzima ni 24,000, ya miezi tisa itafikaje 216,000?

BabaMdogo: Wanangu niliwafundisha ile pembetatu ya umbali, mwendo na muda, ambayo unafunika unachokitafuta na kinachobaki kinakuonyesha njia. Je, haifai hapa?

MwalimuWaHesabu: Ndugu, huokoa dakika kwenye mtihani, sikatai, lakini hubeba vitu vitatu tu, ilhali riba ina vinne na ile 100 juu yake. Wapo wanaowakaririsha watoto kanuni nne tofauti, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kuwaongezea mzigo. Aandike kanuni ileile moja, aweke anavyovijua na kuacha M mahali pa mtaji:

18,000 = (M × 10 × 9/12) ÷ 100

Akizidisha pande zote kwa 100 atapata 1,800,000 = M × 7.5, kisha agawanye kwa 7.5.

MamaWawili: Ahsante sana, mwalimu. Amepata 240,000 mwenyewe, lakini sasa anauliza ile 100 imetoka wapi, nami sina jibu.

MwalimuWaHesabu: Swali zuri kuliko yote ya kazi hiyo. Asilimia 10 ni 10/100, na kanuni imekwisha kuiweka 100 chini ili yeye aandike 10 peke yake. Mwache ajaribu kuandika kiwango kama 0.1 na bado agawanye kwa 100: riba ya miezi tisa itakuwa shilingi 180, na umuulize ni nani atakayekubali kumkopesha mtu kwa faida hiyo.