Mjadala wa Git: Kubana komiti zote za tawi ziwe moja ni usafi au ni kufuta ushahidi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikera kazini, naomba tulijadili kwa uwazi.

Tupo sita, tunatunza programu ya mikopo ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Utaratibu wetu ni huu: tawi (nakala ya pembeni ya programu ambayo mtu anaifanyia kazi) likikamilika, komiti zake zote, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa kila moja na ujumbe wake, zinabanwa kuwa moja kwa kitufe cha GitHub, tovuti tunayotunzia kazi yetu kwa Git (programu inayoweka historia ya mabadiliko), ndipo inaingia kwenye tawi kuu. Tawi lenyewe tunalifuta.

Mwezi uliopita wanachama walianza kulalamika. Mtu kalipa rejesho tarehe 30, siku ya mwisho yenyewe, na bado kakatwa faini ya kuchelewa. Nikafuatilia kwa `git blame`, amri inayoonyesha kila mstari uliletwa na komiti ipi, hadi nikafika hapa:

`if (siku_za_kuchelewa >= 0)`

Zamani ilikuwa `> 0`. Mtu kaongeza alama moja ya sawasawa. Kwa nini? Komiti iliyoileta imegusa mistari 2,340 katika faili 41, na ujumbe wake ni "Maboresho ya mikopo". Basi, hakuna zaidi. Aliyeiandika alishahamia kazi nyingine. Nilihangaika siku mbili nikisoma mistari ile yote, mwisho nikarudisha `> 0` na faini za tarehe 30 zikakoma.

Msimamo wangu: tunapounganisha kazi za watu wengi, sababu ya kila badiliko lazima ibaki. Ukibana kila kitu, umejipunguzia kazi leo na kumtwisha mwenzako wa mwakani. Mnasemaje?

Fundi wa Seva

Pole sana mkuu, ila lawama umeipeleka kusiko. Mimi natetea kubana, na nina sababu.

Umewahi kusoma komiti za kijana aliye katikati ya kazi? "Nimejaribu". "Tena". "Sasa hivi". "Imekubali". Zote hizo ziingie tawi kuu ili iweje? Nusu yake hata haikusanyiki, ukisimama juu yake programu haiwaki. Komiti moja safi kwa kazi moja inasomeka. Na ikileta balaa usiku wa mwisho wa mwezi, unaiondoa kwa `git revert` mara moja. Jaribu kuondoa muunganiko wa kawaida wa matawi mawili uone: lazima uiambie Git ushike upande gani, na siku ukitaka kulirudisha tawi lile lile baada ya kulirekebisha, mabadiliko ya mwanzo hayaji mpaka uondoe kule kuondoa kwako. Nimeona watu wazima wakichanganyikiwa hapo.

Tatizo lenu ni tawi la mistari 2,340. Tawi la mistari 80 ukilibana hupotezi kitu.

Mama wa Terminali

Fundi, nakuheshimu, lakini tazama kazi kubwa kuliko zetu zote inavyofanyika.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10. Kila toleo linameza mabadiliko zaidi ya 10,000, na sehemu kubwa huingia katika dirisha la wiki mbili tu za mwanzo. Wiki zinazobaki ni za kusahihisha. Linus Torvalds, mwanzilishi wake, hapokei donge moja lililobanwa kutoka kwa msimamizi wa kila sehemu. Anavuta tawi na viraka vyake (mabadiliko madogo madogo), kila kiraka na maelezo yake, na kila kimoja kinatakiwa kikusanyike na kufanya kazi kikiwa peke yake. Git yenyewe aliianzisha Aprili 2005 kwa ajili ya kazi hii, baada ya ruhusa ya bure ya kutumia BitKeeper, programu ya aina hiyo waliyokuwa nayo kabla, kuondolewa. Tangu mwanzo ni chombo cha kuunganisha kazi za watu wasioonana.

Faida ya viraka vidogo utaiona kwenye `git bisect`. Una komiti 10,000 na kosa limejificha humo. Unajaribu ya katikati, unatupa nusu, unajaribu tena. Baada ya hatua kama 14 umemshika. Ila ukishamshika akawa ni komiti ya mistari 2,340, umeshika gunia, na kilichomo bado hujakijua.

Sisemi kila muunganiko ni mzuri. Mwaka 2014 kerneli ilipokea muunganiko mmoja wenye wazazi 66, yaani historia 66 zilizounganishwa kwa mkupuo, na Torvalds mwenyewe aliona umepita kiasi.

Kijana wa Mbeya

Naomba niingie kidogo. Mimi kuribesi (`rebase`) ndiyo njia yangu: nazihamishia komiti zangu juu ya ncha ya tawi kuu, historia inanyooka kama rula. Lakini niwaonye wenzangu wachanga. Niliribesi tawi ambalo dada mmoja ofisini alikuwa ameshalichukua na kulifanyia kazi, nikalisukuma kwa nguvu, yaani nikalipeleka kwenye seva lifunike lililokuwepo. Komiti zake mbili zikatoweka kwenye seva. Nilitetemeka. Zilipatikana kwenye `git reflog` ya mashine yake, kumbukumbu ya kila mahali tawi lilipopita, maana Git haizitupi mara moja. Kwa mpangilio wa kawaida komiti iliyokosa tawi hukaa siku 30 kabla haijafagiliwa. Tangu siku ile natumia `--force-with-lease`, ambayo inakataa kama mtu mwingine ameshasukuma kitu nisichokiona. Na tawi likishashikwa na mtu wa pili, siliribesi tena.

Mwalimu wa Majaribio

Ndugu zangu, mnabishania sura ya historia wakati hatari yenyewe iko kwingine.

Git inapounganisha inatazama vitu vitatu: faili la upande wako, la upande wangu, na lile la asili tulipoachana. Palipobadilika upande mmoja tu, inachukua badiliko. Palipobadilika pande zote mbili tofauti, inapiga kelele. Inachojua ni mistari. Maana haijui.

Niliyoyaona kwa macho yangu: tawi moja lilibadilisha fanksheni ya malipo ipokee senti badala ya shilingi, na likarekebisha kila mahali inapoitwa. Tawi la pili, katika faili jipya kabisa, likaiita fanksheni ile ile kwa shilingi. Hakuna mstari uliogongana. Muunganiko ukapita kimya. Malipo ya shilingi 50,000 yakaingia kama 500. Kila tawi lilikuwa limefaulu majaribio yake, ila hakuna aliyejaribu yote mawili yakiwa pamoja. Majaribio yapigwe juu ya *matokeo* ya kuunganisha, kabla hayajaingia tawi kuu. Na matawi yasikae wiki tatu. Kila siku tawi likikaa mbali, misingi liliyoitegemea inahama bila lenyewe kujua.

Mleta mada

Mwalimu, hapo kwenye wiki tatu umenigusa. Tawi letu lile lilikaa karibu mwezi. Mwenzetu alikuwa mkoani, umeme wa kuungaunga, na bando analinunua mwenyewe. Alikuwa anakomiti kwenye laptopu na kusukuma mara moja kwa wiki.

Mama wa Terminali

Hilo ni la kweli, na wengi wetu tumepitia. Ila kuvuta mabadiliko ya maandishi kila asubuhi hakuli bando kama watu wanavyodhani. Git inaleta kilichoongezeka tu, tena kimebanwa. Kampuni imlipie.

Halafu kitu kimoja, mleta mada. Umesema tawi lilifutwa. Kama mlipitia ombi la kuunganisha la GitHub, komiti zake za asili bado zipo. Fungua lile ombi la zamani, au vuta `refs/pull/` na namba yake, kisha `/head`. Umetazama?

Mleta mada

Sikuwa nalijua hilo. Nimetoka kutazama sasa hivi.

Zipo, komiti 38. Fundi, nyingi ni hizo ulizozisema, "tena" na "imekubali". Lakini ya 17 imegusa mstari mmoja tu, ule wangu, na ujumbe wake ni huu: "Malipo ya saa saba usiku hayahesabiwi kuchelewa, seva iko UTC."

Nimekaa nikaisoma mara tatu. UTC, saa za kimataifa, iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Mtu akilipa kwa simu saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1, kwa seva bado ni saa nne na nusu usiku wa tarehe 30. Siku za kuchelewa zinatoka sifuri, ingawa kachelewa. Yeye akaziba kwa `>=`, akawaumiza waliolipa tarehe 30. Mimi nikaja nikarudisha `>`, nikafufua kosa alilokuwa analiziba.

Kesho asubuhi tarehe zihesabiwe kwa saa za hapa, nitaandika jaribio la saa saba usiku na la tarehe 30 mchana, ziwe komiti mbili tofauti. Na nitaomba tukae sita wote tuzungumzie kile kitufe. Takataka zibanwe na mwenye tawi mwenyewe kwa `git rebase -i` kabla hajaleta. Ile ya 17 ingebaki.

Fundi wa Seva

Kwa ile ya 17 nimekubali. Ila tawi la mwezi mzima bado nalipinga.