Mrejesho: picha za Tingatinga kugandana dukani

Wakuu, niliuliza kwa nini picha za Tingatinga (mtindo wa uchoraji wa Tanzania) za mali kauli, yaani msanii anaziacha dukani na kulipwa zikiuzwa, zinagandana zikiviringishwa. Kumbe rangi ya mafuta hukauka juu kwanza, chini bado mbichi, hasa masika. Sasa hazipokelewi kabla ya wiki 3 tangu kuchorwa. Ukibonyeza ukucha pembeni pakabaki alama, inarudi kwa msanii. Kuviringisha: bomba la plastiki la inchi 4, upande wa rangi uwe nje (ukiwa ndani unajikunja na kupasuka), na karatasi ya kuokea kati ya picha na picha. Gazeti msithubutu, wino unahamia kwenye rangi nyeupe ya picha. Daftari la mali kauli limeongezwa safu ya tarehe ya kuchorwa. Zilizokwishagandana hazikupona, ukivuta rangi inabanduka. Hasara tumegawana na wasanii nusu kwa nusu.