Nimechoka: wachezaji wa kiungo wa Zanzibar wanahesabiwa kuanzia siku wanaposhuka boti Dar

Assalaam alaykum wadau wa mpira. Nasema mapema kuwa nimekasirika na maneno sitayapunguza.

Tarehe 30 Desemba 2025, Rabat, Taifa Stars na Tunisia. Tunisia wametangulia kwa penalti, kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza, Feisal Salum anasawazisha. Ikamalizika 1-1, na sare ile ndiyo iliyoipeleka Tanzania 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tokea taifa hili lianze kucheza mpira. Maskani kwetu watu walikumbatiana, wazee wakasimama juu ya baraza. Hatujakaa bado, mtangazaji anamwelezea mfungaji: kiungo wa Azam, zamani Yanga. Kaishia hapo. Asubuhi yake nikapitia makala moja baada ya nyengine zinazoeleza safari ya Fei Toto, ndiye huyo huyo Feisal, na takriban zote zinaanzia 2018, alipotia saini Yanga. Kijana kazaliwa Januari 1998. Miaka 20 ya maisha yake imefutwa, na aliyeifuta hakuulizwa na mtu.

Yanga hawakumuokota njiani. Walimchukua JKU, timu ya Jeshi la Kujenga Uchumi, hapa hapa Unguja. Alipofika Jangwani, makao ya Yanga, alikuwa keshajua kupokea mpira akiwa amegeuka, keshajua kupiga shuti la mbali, keshavaa jezi ya Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa ya Zanzibar. Yaliyofuata mnayajua nyote: ubingwa wa 2021/22 bila ya kufungwa hata mechi moja ya ligi, sakata la Desemba 2022 na zile shilingi milioni 112 za kuvunja mkataba, kesi TFF, shirikisho la mpira Tanzania, mpaka Rais Samia akawaomba Yanga wayamalize, akenda Azam na msimu wa kwanza tu akafunga mabao 19 ya ligi. Hayo yameandikwa hadi wino umekauka. Mimi nazungumzia yasiyoandikwa.

Nazungumzia Machakos.

Chalenji ya CECAFA, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, 2017, Kenya. Zanzibar Heroes wanamfunga Rwanda 3-1. Wanamfunga Tanzania Bara 2-1. Wanatoka sare na Kenya mwenye nyumba. Nusu fainali wanamtoa Uganda 2-1, Uganda ambao mwaka ule ule walikuwa wamecheza AFCON Gabon. Fainali ya tarehe 17 Desemba, hapo Machakos, wanarudi na Kenya, wanamaliza 2-2, wanapoteza kwa penalti. Katikati ya uwanja alikuwepo Feisal, hajatimiza miaka 20, na pembeni yake Mudathir Yahya, wakiwania kila mpira mbele ya uwanja mzima wa Wakenya. Kocha ni Hemed Suleiman, Morocco wetu. Timu iliporudi Unguja, mji ulisimama kuipokea. Mashindano makubwa kama yale, vijana wakicheza vile, kisha mtu anakwambia Fei kaanza mpira wa kimataifa na Taifa Stars?

Na msije mkasema hiyo haikuwa kimataifa kwa sababu FIFA haimtambui Zanzibar. Hapo ndipo pananiuma zaidi. Machi 16, 2017, Addis Ababa, CAF, shirikisho la mpira Afrika, walitupokea kuwa mwanachama wa 55. Tulilia kwa furaha. Tarehe 21 Julai mwaka ule ule wakatutoa, rais wao Ahmad Ahmad akasema tulipokelewa kimakosa, nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu. Na Disemba vijana wale wale waliotolewa wakafika fainali. Walijibu kwa miguu, na jibu lao halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote: Zanzibar haina nafasi kwenye viwango vya FIFA, na mechi ya Machakos haimuongezei Feisal wala Mudathir hata namba moja kwenye mechi zao za timu ya taifa. Januari 2025 Heroes wamechukua Kombe la Mapinduzi uwanja wa Gombani, Pemba, wamemfunga Burkina Faso 2-1 mbele ya Wapemba wamejaa mpaka juu ya ukuta, nayo hiyo hivyo hivyo.

Sasa angalieni Septemba 2024. Stars ugenini na Guinea, mechi ya kufuzu AFCON, inachezwa Yamoussoukro. Guinea wanatangulia. Feisal anasawazisha, Mudathir anafunga la ushindi dakika za mwisho, 2-1. Kwenye benchi kocha ni Hemed Morocco. Wafungaji wawili na kocha wao, wote watatu walikuwa Machakos. Siku ya pili nikasoma ushindi wa mtu wa Azam na mtu wa Yanga, mashabiki wanagombana nani kachangia zaidi baina ya klabu mbili za Dar. Zanzibar haikutajwa hata mstari mmoja. Wallahi nililiweka gazeti chini nikashindwa kumaliza chai.

Lakini hasira yangu si ya Bara peke yake, na hapa watu wangu mtanisamehe. Sisi wenyewe tumelala. Nasaidia timu ya watoto, juvenile, mtaani kwetu. Niliwahi kwenda kwenye ofisi moja ya mpira kuomba orodha za vikosi vya mechi za Heroes za miaka hiyo, nani kaanza, nani kaingia, dakika gani. Nikafunguliwa kabati: mafaili yameliwa na mchwa, karatasi zimegandana kwa maji ya mvua, na daftari moja la kaunta lenye majina ya watoto wa daraja la Central bila ya tarehe za kuzaliwa. Bwana mwenyewe alikuwa muungwana, akanambia mambo hayo wanayo waandishi. Yaani historia ya timu ya nchi iko mikononi mwa waandishi waliokuwa na kamera siku ile!

Na hili si la fahari tu, ni pesa. FIFA ina sheria ya mchango wa malezi: mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa 12 mpaka 15 una robo ya asilimia, kila mwaka wa 16 mpaka 23 una nusu. Kijana anayevuka akiwa na miaka 20 kama Feisal, si chini ya asilimia 3 kati ya hizo 5 ni za miaka ya visiwani. Akiuzwa mara mbili, zinadaiwa mara mbili. Lakini hulipwi kwa mdomo. Wanataka usajili, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Kwa kaunta lile lisilo na tarehe tutamdai nani? Pesa hizo zingenunua mipira, zingelipa gari la kuwapeleka watoto uwanja wa Mao, zingemlipa kocha anayefundisha bure baada ya sala ya alasiri.

Mwenye kusema "Fei mwenyewe halalamiki, wewe unalia nini" asijisumbue kuandika. Yeye anacheza, na kila bao lake nafurahi kama la mwanangu. Kazi ya kuandika si yake. Ni ya ZFF, shirikisho letu la mpira Zanzibar, ni ya klabu, ni ya wahariri wanaojua vizuri alikotoka na wanaona uvivu kuongeza maneno mawili.

ZFF nawataka watoe hadharani vikosi vya mechi zote za Heroes, angalau kuanzia ubingwa wa CECAFA wa 1995 mpaka leo, na wasimamie usajili wa watoto kwa vyeti vya kuzaliwa. Kama hawana, basi waseme hawana, tuanze wenyewe. Nani humu ana picha za karatasi za vikosi vya Machakos? Waliosafiri na timu mpo. Pandisheni hapa hapa, hata kama imefifia, na muandike tarehe na mpinzani.