Kocha wa upinde kwa watoto: kazi yako unaionaje kabla medali hazijaja?

ShabahaMita18
Habari za jioni wadau. Nina kundi la watoto 12, umri miaka 10 hadi 14, upinde wa rikavu (ule wenye ncha zilizopinda kwenda mbele). Vifaa: pinde 6 zilizoandikwa pauni 14 hadi 20 (nguvu ya kuuvuta), shabaha 3 za nyasi, uwanja wa shule. Kwenye mpira mtoto akifunga goli kila mtu anaona. Huku mtoto anaweza kupiga mishale miezi mitatu na pointi zisisogee, wazazi wakauliza "sasa anaendeleaje?", na kocha akakosa la kujibu. Wenye uzoefu mnapima nini? Na ni kitu gani hasa kinachomfanya kocha asiachane na mchezo huu? Naomba vitu vya kufanyia kazi Jumamosi, hamasa ninayo.

KochaPodo
Mkuu, kwa mwanzo weka pointi pembeni, pima kundi la mishale. Mita 10, karatasi ya sm 80, mishale 6. Chukua futikamba, pima kati ya mishale miwili iliyoachana zaidi, andika.

Sababu ni hii. Mtoto wa kwanza kapiga 6, 6, 6, 5, 5, 5, yote imekaa pamoja upande wa kushoto ndani ya sm 8. Wa pili kapiga 9, 8, 7, 5, 3, 1, imetapakaa karatasi nzima. Wote wana 33. Wa kwanza unamsogezea saiti tu, kile kilengeo cha kwenye upinde (mishale ikienda kushoto, saiti nayo inakwenda kushoto), na raundi ijayo yuko kwenye njano ya katikati. Wa pili bado ana kazi ya wiki kadhaa. Ukimwonesha mzazi kundi limetoka sm 40 likafika 25, hahitaji maelezo mengine.

La pili, angalia uzito wa kuvuta. Pauni 20 kwa mtoto wa miaka 10 ni nyingi mno. Ile namba kwenye upinde imepimwa upote (kamba ya upinde) ukivutwa inchi 28, na watoto wengi hawafiki huko, kwa hiyo pima uzito halisi kwa mizani ya kuning'iniza. Kipimo changu: avute mpaka kidole kikae chini ya taya na upote uguse kidevu na pua, ashikilie sekunde 10, kisha arudishe taratibu bila kuachia. Bega la mkono wa upinde likipanda sikioni, au mgongo ukiegemea nyuma, mshushe. Ukiongeza, ongeza pauni 2 tu kwa wakati. Na asiachie upote bila mshale hata kwa utani, mbao za upinde zinapasuka.

Bi_Upote
Naunga mkono la uzito. Wapo wanaoacha mchezo kwa sababu ya bega, wala si kwa sababu hawaupendi.

Kuhusu kinachomfanya kocha abaki: mfundishe mtoto kuusoma mshale wake. Akishapiga mitatu, kabla hajaenda kuichomoa, akuambie wa mwisho umeenda wapi na kwa nini. Wewe funga mdomo mpaka amalize. (Hili ndilo gumu, makocha tunapenda kusema.) Mwanzoni atabahatisha. Mpe sababu chache za kuanzia: amefungua mdomo wakati wa kuvuta, taya imeshuka na mkono nayo, mshale unaenda juu. Ameshusha mkono wa upinde ili auone mshale ukiruka, unaenda chini. Upote umegusa mkono wa shati, unayumba pembeni.

Siku atakayosema "huu nilifungua mdomo, utakuwa juu" kabla hajauona, na ukakutwa juu kweli, malipo yako ndiyo hayo. Kuanzia hapo anaweza kufanya mazoezi hata ukiwa haupo.

ShabahaMita18
Shukrani. Na mashindano je? Nina wanaolia wakipiga mshale mmoja mbaya.

MstariMweupe
Hapa natofautiana kidogo na KochaPodo. Pointi zisiwekwe pembeni muda mrefu. Baada ya miezi miwili, mara moja kwa mwezi, piga raundi ya mishale 30 yenye alama, dakika 2 kwa mishale 3, na filimbi zote: mbili kwenda mstarini, moja kuanza, tatu kwenda kuchomoa. Mtoto asiyezoea filimbi hutetemeka nayo.

Kwa wanaolia, wachezeshe kwa seti. Mishale 3 kila mmoja, mshindi wa seti anapata 2, sare 1 kwa 1, wa kwanza kufika 6 ameshinda. Ikiwa 5 kwa 5, mshale mmoja, aliye karibu na kati. Uzuri wake ni kwamba mshale mbovu unakugharimu seti moja tu. Olimpiki ya Paris 2024, Israel Madaye wa Chad alipata pointi 1 kwa mshale mmoja mbele ya Kim Woo-jin wa Korea Kusini, dunia nzima ikitazama. Seti ile akatoka na 15 kati ya 30. Iliyofuata akapiga 25. Alifungwa, lakini wasimulie watoto hiyo 25. Kim huyohuyo alichukua dhahabu kwa mshale wa ziada, tofauti na Brady Ellison wa Marekani ikiwa milimita 4.9.

Wakiuliza kama watu wa kwetu wanafika, Shehzana Anwar alipiga upinde Rio 2016 na ndiye aliyebeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi.

Bi_Upote
La mwisho, vifaa vyako. Watoto 12 kwa pinde 6: wawili kila shabaha, sita wanapiga, sita wanaandika nyuma ya mstari. Kila anayeandika amtazame mwenzake kitu kimoja tu, bega, na aweke alama likipanda. Utakuwa na macho sita ya ziada bila kulipa mtu.