Mjadala: Ruzuku ya mbolea au barabara za mashambani, kipi kitangulie?

Wadau, habari zenu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ya Tanzania ilikuwa kama shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka uliofuata ikapaa hadi bilioni 954, na 2024/25 ikavuka trilioni moja. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapahapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, Nane Nane ya 2022. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umepita laki moja na ishirini, ukashuka hadi 70,000. Sikatai, ilituokoa. Ila nasema nyongeza itakayofuata isiende tena kwenye mbolea, iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Najua TARURA iko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na mafungu ni tofauti. Hazina ni moja.

Nendeni Umalila, huku Mbeya vijijini, mwezi Machi wa mvua mjionee. Fuso linaishia njiapanda, kushuka shambani halithubutu. Viazi vinatolewa kwa bodaboda, gunia mojamoja, na kila gunia lina nauli yake. Mnunuzi anayefika ni mmoja, basi yeye ndiye anayepanga bei na ujazo. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini huku linaongezewa kichwa na kufungwa kamba: lumbesa. Ukigoma, anawasha gari, unabaki na viazi vinavyogeuka kijani. Lile punguzo la mbolea lote analibeba yeye kwenye lumbesa.

Mkulima, Vwawa: Kaka, wewe ni mtu wa viazi. Sisi wa mahindi bila urea hatuna cha kupitisha kwenye hiyo barabara. Mahindi yakikaushwa vizuri yanasubiri mvua ikatike, na NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wananunua. Ukigusa ruzuku umegusa ugali wa nchi nzima.

Muuguzi, Makete: Naunga mkono barabara, ila si kwa ajili ya magunia yenu. Mjamzito mwenye uchungu hasubiri kiangazi. Serikali za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mimi ningeanza kudai hapo.

Dereva, Uyole: Tangu Julai 2021 tunakatwa shilingi 100 zaidi kwa kila lita ya mafuta, na tuliambiwa ni za barabara za vijijini. Mnaomba mpya, ile ya zamani mmeiulizia?

Mleta hoja: Dereva umenibana, na ndipo pa kuanzia. Tukimbana diwani, tumuulize kwanza kilometa ngapi zilizowekwa changarawe kwenye kata yetu tangu tozo ianze, na makalavati yako wapi. Tena tuulize mapema. Watu wengi huanza kelele Juni, waziri wa fedha akisoma hotuba Dodoma, wakati makisio ya halmashauri yalishapita baraza la madiwani miezi kadhaa nyuma. Dada wa Makete, barabara ikipitika gari la wagonjwa nalo litapita, kwa hiyo hatugombani.

Wa Vwawa, sijasema ruzuku ifutwe, nimesema nyongeza. Halafu hayo mahindi hayajipeleki NFRA. Kutoka shambani kwako hadi kituo cha ununuzi unalipa shilingi ngapi kwa gunia? Weka hesabu hapa tuipige pamoja.