Acheni kumwaga makombo ya pikiniki kwenye banda la mbuzi

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitapunguza makali kwa sababu tu baadhi ya wahusika ni ndugu zetu tunaosalimiana nao kila mwisho wa wiki. Hapa mashariki mwa London, ndani ya bustani ya umma, tuna eneo dogo la wanyama linalotunzwa na wakazi kwa kujitolea: mbuzi, kondoo, nguruwe wawili, sungura na bata. Kuingia ni bure. Maeneo ya namna hii yalianzia Kentish Town, kaskazini mwa London, mwaka 1972, na mtoto anayekulia ghorofani hana pengine pa kumgusa kondoo bila kulipa kiingilio.

Jumapili iliyopita jioni, mtu alimwaga juu ya uzio mfuko mzima wa ugali uliokauka pamoja na vipande vya chapati. Asubuhi yake tulimkuta beberu wetu mkubwa amejitenga, ubavu wa kushoto umevimba na kukaza kama ngoma, anasaga meno na hacheui. Daktari wa mifugo alimwokoa kwa taabu, na malipo yakatoka kwenye sanduku la michango ambalo lilikuwa la kununulia nyasi kavu za majira ya baridi.

Wanga mwingi ukiingia kwa mkupuo katika tumbo la kwanza la mbuzi, bakteria huuchachusha haraka, asidi hupanda, na vijidudu vinavyomsaidia kumeng'enya nyasi hufa. Mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Najua jibu litakalokuja: kwetu mbuzi hula maganda, pumba na makombo, na wala hadhuriki. Mbuzi wa kwetu hushinda akitembea na kula majani ya vichakani, na anayempa pumba ni mtu mmoja anayejua kampa kiasi gani. Huyu wa hapa kila familia inayopita humtupia chake, na hakuna anayejua waliotangulia wamempa nini.

Tena si suala la huruma peke yake. Nchini Uingereza ni kosa la jinai kuwalisha mifugo mabaki yaliyopitia jikoni, hata mnyama akiwa wa kufurahisha watoto tu. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia nchini, inavyoaminika kupitia makombo yasiyochemshwa waliyolishwa nguruwe katika shamba moja la Northumberland, na kabla haujadhibitiwa wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wamechinjwa. Kwa hiyo anayewatupia nguruwe wetu kipande cha soseji na kuondoka akicheka anahatarisha banda zima.

Lawama nyingine naipeleka kwa halmashauri inayomiliki bustani. Ilimwondoa mlinzi wa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo watu hufurika, ikatuachia kibao kimoja kilichopauka, chenye aya ndefu ya Kiingereza, kilichofungwa mahali ambapo pikipiki za wauza chakula huegeshwa. Tumeandika barua, tukajibiwa kwamba maoni yetu yamepokelewa. Yamepokelewa na nani, na kufanyiwa nini?

Tunachodai ni kidogo mno: mlinzi arudishwe siku hizo mbili, viwekwe vibao vya picha ambavyo hata mtoto asiyejua kusoma atavielewa, na uzio wa pili ujengwe hatua chache kutoka ule wa sasa ili mkono usifike. Kwa ndugu zetu, anayetaka kumlisha mbuzi aje saa nne asubuhi, tutampa nyasi na tutamwonyesha namna ya kuzishika asiumwe vidole. Na yule aliyemwaga ugali, kama anasoma hapa, sanduku la michango liko mlangoni, upande wa kulia.