Video za Bibi kabla ya Idd

Kikundi: UKOO WA MBAGALA
Ijumaa jioni

Shangazi Rehema: Assalam aleykum nyote. Kaseti za Bibi zimeshahamishwa. Fundi wa Kariakoo kaniwekea zote kwenye flashi, ya harusi ya Zainabu ya 1996 na ile ya maulidi. Nataka nizipange mwenyewe kwenye laptopu pamoja na zile mnazopiga kwa simu, tumwoneshe Bibi kwenye tivii siku ya Idd. Idrisa upo?

Idrisa: Waaleykum salaam shangazi, shikamoo. Nipo. Kama ni kazi ya haraka nipitie kwako kesho niichukue?

Shangazi Rehema: Marahaba. Usiichukue. Nimepiga taipu ofisini mpaka nimestaafu, kibodi siiogopi. Wewe nielekeze tu hatua kwa hatua, na mwingine yeyote anayetaka kujifunza afuate humu humu.

Baba Mkubwa Hamisi: Hongera Rehema. Huyo fundi mbona kakaa nazo muda wote huo?

Idrisa: Shikamoo Baba Mkubwa. Kaseti hainakiliwi kama faili. Lazima ichezwe yote kwenye deki huku kompyuta inarekodi, kwa hiyo kaseti ya saa tatu inakula saa tatu, na hapo mkanda uwe hauna ukungu. Shangazi, kaseti zenyewe usizitupe hata ukiona zimeshahamishwa. Na kabla hujagusa chochote, nakili vyote vilivyomo kwenye flashi uweke kwenye laptopu, flashi irudi kabatini. Tunakata nakala, mama yao haguswi.

Shangazi Rehema: Sawa. Programu gani?

Idrisa: Laptopu yako ina ramu ngapi, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi?

Nasra: Shikamooni. Nimeangalia mimi, ramu GB 4, Windows 10. Mama, kwani usitumie CapCut kwenye simu? Mimi naeditia huko huko.

Idrisa: Marahaba Nasra. Kwa kipande cha dakika moja simu inatosha kabisa. Hii ni kaseti mbili na video za ukoo mzima, na mama yako anataka kioo kikubwa na kibodi. Movie Maker tuliyoanzia wengi, Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017. Waliokuja nayo sasa ni Clipchamp, nzuri kwa anayeanza, ila bila intaneti hufanyi kitu, na bando la Mbagala unalijua. Mimi nasema Shotcut. Ni ya bure, haigongi muhuri wake juu ya video yako, na ukishaipakua unafanya kazi hata bila bando. Ipakueni kwenye tovuti yao wenyewe tu. Ukitafuta ovyo utaangukia vitufe vya matangazo vinavyokuwekea takataka.

Baba Mdogo Juma: Na ramu 4 itaibeba?

Idrisa: Wenyewe wanashauri ramu 8 kwa video za HD, kwa hiyo kuna ujanja. Kwenye Settings kuna Proxy, iwashe. Programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, shangazi anakata hiyo nyepesi, halafu mwisho wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, inarudi yenyewe kwenye video halisi. Laptopu haihemi na ubora haupungui.

Idrisa: Kingine, shangazi, tengeneza folda moja uiite IDD. Kila kitu kiingie humo, za kaseti, za simu, picha za karatasi zilizoskaniwa. Faili la kazi la Shotcut halimezi video zako, linakumbuka tu kila klipu inakaa wapi. Ukihamisha folda kazi ikiwa katikati, kesho itakuuliza klipu zimekwenda wapi.

Zuhura: Mie hizi hapa za Bibi akikaanga vitumbua, natuma sasa hivi.

[video 3]

Idrisa: Dada Zuhura asante, lakini hizo WhatsApp imeshazibana, kwenye tivii zitatoka na ukungu. Zitume tena kama dokumenti: bonyeza ile pini, chagua Dokumenti, uzitafute humo. Inapokea faili hadi GB 2 na haigusi ubora. Na kila mwenye video afanye hivyo, tafadhali.

Zuhura: Bando langu halifiki huko. Kesho navuka na pantoni, nitapita kwa shangazi na simu, tuhamishe kwa waya.

Idrisa: Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote.

Jumamosi asubuhi

Shangazi Rehema: Imeshaingia, imefunguka. Nianzie wapi?

Idrisa: Kabla ya kuburuta klipu ya kwanza, chagua Video Mode, yaani umbo la picha na kasi yake. Ukiiacha kwenye Automatic inafuata klipu ya kwanza, na ikiwa ni ile ya Zuhura aliyoshika simu wima, kazi yote itasimama wima. Chagua HD 1080p 25 fps, kwa sababu kaseti zetu zote zinakwenda fremu 25 kwa sekunde na ndizo nyingi. Video ya kaseti ina umbo karibu na mraba, kwa hiyo pembeni patabaki peusi. Paache. Ukiivuta ijae kioo, watu wote wananenepa.

Zuhura: Na zangu za wima?

Idrisa: Kuna filta inaitwa Blur: Pad, inajaza pembeni kwa picha hiyo hiyo ikiwa imefifishwa. Hizo za simu ndizo za kuwekewa.

Shangazi Rehema: Klipu ya vitumbua iko kwenye taimlaini, ule ukanda wa kupangia klipu. Sasa?

Idrisa: Vidole vyako vya taipu ndiyo vitafanya kazi hapa. Spesi inacheza na kusimamisha. L inakwenda mbele, K inasimama, J inarudi nyuma. Ukifika unapotaka kukata, bonyeza S. Klipu inagawanyika. Bofya kipande usichokitaka, bonyeza X, kinatoka na vya mbele vinasogea kuziba pengo. Ukibonyeza Z badala yake, kinatoka lakini pengo linabaki. Kwa leo jua hizo tu. Kila baada ya muda Ctrl na S, maana umeme hauagi.

Shangazi Rehema: Ngoja.

Shangazi Rehema: Nimekata! Kuna mahali Zuhura kaiweka simu mezani inaonesha dari tu, nimeitoa. Sasa Bibi anamimina unga kwenye chuma, halafu moja kwa moja anavigeuza kwa kijiti. Inakwenda kama haikukatwa.

Idrisa: Umeona! Hapo umekatia kwenye tendo. Mkono unaanza kazi kwenye klipu hii, unaendelea kwenye inayofuata, jicho linafuata mkono halioni mkato. Shangazi, watu wanatumia muda mrefu bila kuligundua hilo.

Baba Mdogo Juma: Kati ya klipu na klipu muweke yale maua yanayozunguka na mioyo inayoruka. Halafu taarabu juu, mwanzo mpaka mwisho. Itapendeza.

Idrisa: Baba Mdogo, nakuheshimu, lakini naomba mapambo yasubiri. Tukate kwanza mpaka hadithi ikae, ndipo tuone kama kuna mahali panaomba pambo. Mara nyingi hapaombi. Na muziki ukilazwa juu ya kila kitu tutamsikia mwimbaji, Bibi hatutamsikia.

Baba Mdogo Juma: Lakini video bila muziki inapooza mwanangu.

Idrisa: Muziki uwepo pale hakuna anayeongea. Bibi akifungua mdomo, uuteremshe chini kabisa au uutoe. Na kama kuna mtu atataka kuipandisha YouTube, mfumo wao unautambua wimbo wa watu, unaweza kuizuia video au mwenye wimbo akala mapato yake.

Baba Mkubwa Hamisi: Hiyo haipandi popote. Ni ya nyumbani.

Jumamosi usiku

Shangazi Rehema: Mliopo macho someni hapa. Niko kwenye harusi ya Zainabu. Kamera inatoka sebuleni inaelekea uani, inatikisika. Mama yetu kakaa kwenye mkeka anapanga sinia, mimi nimesimama mbele yake na gauni la njano. Kuna sauti inasema, "Rehema, sogea kidogo, unamziba mama yako." Ni Baba.

Baba Mkubwa Hamisi: Baba yetu?

Shangazi Rehema: Baba yetu. Yeye ndiye aliyeshika kamera siku ile, aliazimwa na jirani. Kaseti nzima hayumo hata mara moja, lakini anaongea. Baadaye anacheka, anamwambia mtu, "Hii naichukua yote, hata majungu."

Baba Mkubwa Hamisi: Allah amrehemu. Rehema nitumie kipande hicho sasa hivi. Kama dokumenti.

Nasra: Mimi sijawahi kusikia sauti ya Babu.

Zuhura: Hata mimi. Nalia hapa.

Baba Mdogo Juma: Taarabu nimeifuta. Msiweke chochote hapo.

Idrisa: Shangazi, hii ndiyo video yenyewe. Tuilinde sauti hiyo. Kwanza, bonyeza S mwanzo na mwisho wa sehemu anapoongea, iwe klipu yake peke yake. Iwekee filta ya Gain / Volume, pandisha kidogo kidogo huku unaangalia mita ya sauti. Isifike juu kwenye sifuri, ikigonga sifuri inapasuka, na sauti iliyopasuka hairudi. Tarumbeta la nyuma nalo litapanda, litakuwepo tu. Usihangaike kulitoa, ukilichuja sana na sauti ya Babu itageuka ya bati. Chini weka maneno yake kwa Text: Simple, kwa wasiosikia vizuri.

Baba Mdogo Juma: Naona kuna filta inaitwa Stabilize. Si tuitulize picha isitikisike?

Shangazi Rehema: Hapana Juma. Huo mkono unaotikisika ndio wake.

Idrisa: Sina la kuongeza. Ila shangazi, nina wazo moja, ukilikataa ni sawa. Kabla ya klipu hiyo, ile picha ya karatasi ya Babu na baiskeli ikae kama sekunde nne. Bofya klipu ya uani kitufe cha kulia, tafuta Detach Audio, sauti itashuka kwenye traki yake. Halafu vuta mwanzo wa sauti urudi nyuma uingie chini ya picha, ili tuanze kusikia kelele za harusi huku tunamwangalia yeye. Picha inabadilika, uani huu hapa, naye anaongea. Wasiomjua watajua anayeongea ni nani bila kuandikiwa.

Shangazi Rehema: Nimeelewa. Hilo nalikubali.

Jumapili

Shangazi Rehema: Kuna jambo la kuamua sote. Kaseti ya harusi ina sehemu ndefu ya ngoma ya akina mama ndani. Watu wako bila mitandio, wanacheza kwa raha zao, na wengine wametangulia mbele ya haki. Siwezi kuiweka kwenye tivii mbele ya wakwe na vijana wa kiume.

Baba Mkubwa Hamisi: Itoke.

Zuhura: Itoke kwenye hii, lakini isipotee. Sisi wanawake tunaitaka.

Idrisa: Rahisi. Hifadhi kazi kwa jina jingine kwa Save As, uwe na mafaili mawili ya kazi. Moja la sebuleni, jingine la akina mama, klipu ni zile zile kwenye folda ya IDD. Hilo la pili mlirende nyie wenyewe, mimi silioni.

Zuhura: Na ile ya mwanangu akiogeshwa kwenye beseni naomba itoke pia. Yeye sasa yuko darasa la sita, hatafurahi.

Shangazi Rehema: Imetoka. Jumla imebaki dakika 34.

Idrisa: Kata tena, shangazi. Fika kwenye 20. Ile foleni ya sinia za pilau inayorudi mara tatu, bakisha mara moja. Hotuba ya mshenga bakisha mwanzo na dua. Kila unapojiuliza kama kipande kibaki, jiulize Bibi atamtafuta nani kwenye picha hiyo. Kama hayupo mtu wa kumtafuta, X.

Shangazi Rehema: Kwa kipimo hicho zinaondoka nyingi sana.

Shangazi Rehema: 21. Zaidi ya hapo siendi.

Idrisa: Inatosha. Sasa kurenda. Bonyeza Export, acha vile ilivyo, itatoa faili la MP4 lililobanwa kwa H.264. Msichague H.265 hata mtu akisema ni ya kisasa, tivii ya Bibi ni ya zamani huenda isiisome. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, dakika moja inakula kama MB 60, kwa hiyo dakika 21 ni kama GB 1.3. Inaingia kwenye flashi yoyote, maana flashi nyingi zenye mpangilio wa FAT32 zinakataa faili linalozidi GB 4. Hesabu kwamba laptopu hiyo itachukua muda. Ichomeke chaji, usifungue kitu kingine, na angalia luku kwanza.

Baba Mkubwa Hamisi: Luku nanunua mimi sasa hivi. Rehema nitumie namba ya mita.

Jumapili usiku

Shangazi Rehema: Imetoka nzima. Nimeiangalia mwanzo mpaka mwisho kwenye laptopu, picha na sauti vinakwenda pamoja. Bibi keshalala, sijamwambia kitu.

Idrisa: Hongera sana shangazi, kwa moyo wangu wote. Kesho ijaribuni kwenye tivii yenyewe wakati Bibi yuko kwa jirani, dakika mbili tu, msingoje siku ya Idd ndiyo mjue flashi haisomi. Ikikataa, nakuja na waya wa HDMI tunaunganisha laptopu moja kwa moja.

Baba Mdogo Juma: Spika za tivii ile ni dhaifu, Baba hatasikika vizuri. Naleta spika yangu.

Zuhura: Mnibakizie nafasi kwenye mkeka, navuka na watoto wote.

Baba Mkubwa Hamisi: Baada ya swala, kabla ya chakula. Na kila nyumba ije na flashi yake, Rehema atawapa nakala.

Shangazi Rehema: Njooni nazo zikiwa tupu.